Maji yakichafuka, samaki wawili huwa mmoja

Kwenye mialo ya Mwanza, furu ni samaki wa fungu. Sangara na sato wakishushwa, mizani huletwa na bei hutajwa. Furu humwagwa pembeni, wengine wakaangwe nyumbani, wengine waanikwe juani, wengine wawe chambo cha ndoano. Wakenya humwita fulu, Waganda nkejje. Wengi wao hawazidi urefu wa kiganja, miiba tele, nyama kidogo. Hata hivyo, mtu akiniuliza aende wapi kuona spishi mpya zinavyotokea, sitamtuma visiwa vya mbali. Nitamwambia apande basi la Mwanza.

Mchukue furu mmoja mkononi. Kinywa chake hakina ajabu: midomo, safu za meno madogo, basi. Sasa mpasue taratibu nyuma ya matamvua. Ndani ya koo utakuta taya la pili, kifupa cha pembe tatu kilichojaa meno. Taya la mbele hukamata, la kooni hutafuna. Kwa kuwa kazi ya kutafuna imehamishiwa nyuma, kinywa cha mbele kimebaki huru kuchukua umbo lolote linalofaa kwa chakula kilichopo. Ndiyo maana furu anayekula konokono ana kifupa kinene chenye meno butu kama magego, anayekwangua mwani kwenye mawe ana meno yaliyojipanga kama brashi, na anayewinda samaki wenzake ana kinywa kirefu kinachofunguka ghafla. Wapo hata wanaoishi kwa kupora mayai na vifaranga kutoka kinywani mwa mama, maana furu jike hulea wanawe humo humo kinywani mpaka waweze kuogelea wenyewe.

Spishi za furu wa Ziwa Victoria hukadiriwa kufikia 500, na karibu zote hazipatikani kokote kwingine duniani. Ziwa Tanganyika nalo lina samaki wa jamii hiyo hiyo, kama spishi 250, lakini Tanganyika ni ziwa kongwe, lenye umri wa mamilioni ya miaka na kina cha karibu mita 1,470. Victoria ni sinia pana. Pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Katika miaka ya 1990 watafiti walizamisha mabomba kwenye tope la sakafu ya ziwa, na chini ya tope hilo wakakuta udongo wa nchi kavu wenye mizizi ya nyasi. Ziwa lilikuwa limekauka. Maji yalirudi takriban miaka 15,000 iliyopita. Kwa saa ya mageuko, hiyo ni kama jana jioni. Mamia hayo ya spishi yalipata wapi muda wa kutokea?

Kabla ya kujibu, turudi kidogo nyuma. Tarehe 1 Julai 1858, maandiko ya Waingereza wawili yalisomwa mbele ya wanasayansi London: ya Charles Darwin, na ya Alfred Russel Wallace, ambaye wakati huo alikuwa akikusanya ndege na wadudu katika visiwa vya Kusini Mashariki mwa Asia na alikuwa amefikia wazo lile lile peke yake. Mwaka uliofuata, 1859, Darwin akatoa kitabu chake kuhusu asili ya spishi. Wazo lenyewe mfugaji yeyote atalielewa. Viumbe huzaa wengi kuliko wanaoweza kuishi. Watoto hao hawafanani. Anayeendana zaidi na mahali alipo ndiye anayewahi kuzaa, na wanawe hurithi kile kilichomfaa. Mama anayemwacha jogoo mkubwa kwa ajili ya mbegu na kumchinja yule dhaifu anafanya kwa mkono wake kazi ambayo porini hufanywa na njaa, magonjwa, wawindaji na jike anayechagua dume. Kazi hiyo ikirudiwa vizazi maelfu, ukoo mzima hubadilika. Huo ndio uteuzi asilia.

Kitabu kile chote kina mchoro mmoja tu: matawi yanayogawanyika kama ya mti. Mchoro huo ungewekwa kwenye kila darasa letu, maana swali ninaloulizwa kila mara, kwamba ikiwa binadamu alitokana na sokwe mbona sokwe bado wapo, hujibiwa pale pale. Binadamu hakutokana na sokwe wa leo. Wote wawili ni matawi yaliyoachana kwenye shina moja, kama binamu wawili wenye babu mmoja: kuwepo kwangu hakumzuii binamu yangu kuwepo.

Lakini Darwin alieleza vizuri zaidi tawi linavyorefuka kuliko linavyogawanyika. Tena hakujua urithi unavyofanya kazi. Wakati wake wengi waliamini kwamba sifa za baba na mama huchanganyika kwa mtoto kama maziwa kwenye chai. Na kama ni hivyo, sifa yoyote mpya na nzuri ingeyeyuka baada ya vizazi vichache. Jibu lilikuwa tayari kwenye bustani ya mtawa Gregor Mendel, aliyechapisha mwaka 1866 majaribio yake ya njegere akionyesha kuwa urithi huja kwa vipande vinavyobaki vizima, vile tunavyoviita leo jeni. Karibu hakuna aliyemsikiliza hadi mwaka 1900.

Ilipofika mwaka 1937, Theodosius Dobzhansky, Mrusi aliyehamia Marekani, aliziunganisha jeni na uteuzi asilia katika kitabu kimoja. Mwaka 1942 Ernst Mayr, mtaalamu wa ndege mzaliwa wa Ujerumani, akatoa maana ya spishi ambayo wengi tunaitumia mpaka sasa: kundi la viumbe wanaozaliana wao kwa wao, lisilozaliana na makundi mengine. Punda dume na farasi jike huzaa nyumbu, mnyama hodari wa mizigo, lakini nyumbu kwa kawaida hazai. Kwa hiyo punda na farasi wamebaki spishi mbili. Mpaka wa spishi, kwa maana hii, uko kwenye ndoa kabla haujawa kwenye sura.

Mayr alishikilia kwamba mpaka huo huanza na mpaka wa ardhi. Mto ukibadili njia au mlima ukiinuka, kundi moja hukatwa mara mbili, kila upande ukabadilika kivyake, na siku wakikutana tena hawatambuani. Mfano wake mzuri uko Uganda. Ziwa Nabugabo, magharibi mwa Victoria, lilikuwa ghuba ya ziwa kubwa mpaka mawimbi yalipojenga ukingo wa mchanga na kulitenga, takriban miaka 4,000 iliyopita. Humphry Greenwood, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwachunguza furu hawa, alieleza mwaka 1965 kuwa Nabugabo ina spishi tano za furu zisizopatikana Victoria, ingawa kila moja ina ndugu yake ng'ambo ya mchanga. Na kinachowatenganisha ndugu hao zaidi ni rangi ya dume.

Rangi ya dume. Shikilia hapo, tuvuke twende Ghuba ya Mwanza, kwenye visiwa vya mawe.

Kisiwa cha Makobe kimezungukwa na maji angavu kuliko sehemu nyingi za ghuba. Kwenye mawe yake wanaishi furu wawili wa karibu sana. Wote wana milia myeusi ya kusimama, ndiyo maana jina lao la kisayansi ni la Kiswahili: Pundamilia. Mmoja ni Pundamilia pundamilia, dume lake ni la buluu ya kijivu inayong'aa. Mwingine ni Pundamilia nyererei, aliyeelezwa mwaka 1985 na watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakifanya kazi Mwanza na kupewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Dume lake lina mgongo mwekundu kama kaa la moto na ubavu wa manjano. Majike ya spishi zote mbili yamevaa rangi iliyofifia, na ukiyaweka kwenye sinia moja unaweza kushindwa kuyatofautisha. Hapo katikati hakuna mchanga wala mlima. Wa buluu anakaa juu, karibu na uso wa maji; mwekundu anakaa mita chache chini yake, kwenye mteremko ule ule wa mawe.

Kinachowatenga ni mwanga. Maji ya ghuba yana chembechembe za udongo na mwani, na chembe hizo humeza kwanza mwanga wa buluu. Kadiri unavyoshuka, buluu huisha na kinachobaki ni mwanga wa rangi ya chungwa na nyekundu. Samaki anayeishi chini akiwa na jicho linaloona nyekundu vizuri, hupata chakula vizuri. Jeni moja inayotengeneza kipokea mwanga cha jicho ina sura mbili: moja imeenea kwa furu wa juu, nyingine, inayoona zaidi upande wa nyekundu, imeenea kwa furu wa chini. Mwaka 2008 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichapisha ushahidi huu kutoka visiwa vya ghuba hiyo. Kilichotokea baada ya jicho kubadilika ni chepesi kukielewa: jike wa chini, ambaye jicho lake limezoea nyekundu, anamwona dume mwekundu waziwazi, na huyo ndiye anayemfuata. Jike wa juu humwona wa buluu. Jicho lililobadilika kwa ajili ya chakula likageuka kuwa mshenga.

Lilifanyika jaribio ambalo kwangu ndilo linalokata shauri. Majike yaliwekwa maabara pamoja na madume ya rangi zote mbili. Chini ya taa nyeupe, majike yalipendelea madume ya spishi yao. Taa ilipobadilishwa ikawa ya rangi moja, inayofanya buluu na nyekundu zisitofautike, uchaguzi ule ukapotea. Na watoto wa mchanganyiko hawakuwa kama nyumbu: walikua na wakazaa. Yaani kati ya spishi hizi mbili ukuta mkubwa uliosimama ni macho ya jike na mwanga wa kuyawezesha kuona.

Kuhusu kasi ile ya ajabu, jibu lilikamilika zaidi mwaka 2017, uchambuzi wa jeni ulipoonyesha kuwa furu wa ukanda huu wana asili ya chotara. Koo mbili za samaki wa mitoni, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile ya juu, zilikutana na kuzaliana takriban miaka 150,000 iliyopita. Sura zile mbili za jeni ya jicho zilitoka kwenye koo hizo. Ziwa lilipojaa tena, samaki hawakuhitaji kungoja mabadiliko mapya yatokee moja moja. Waliingia wakiwa na ghala lililojaa, na uteuzi asilia ukaanza kugawa kile kilichokuwamo.

Ukuta wa mwanga, hata hivyo, hubomoka kwa urahisi kuliko ukuta wa mchanga. Ukitoka Makobe ukaingia ndani zaidi ya ghuba, maji yanazidi kuwa mazito mpaka unafika kisiwa cha Luanso. Teremsha kisahani cheupe kwa kamba: Makobe utakiona kikishuka mbali kabla hakijapotea, Luanso kinazama machoni mara moja. Na Luanso hakuna furu wawili. Kuna kundi moja, lenye madume ya rangi za kati kati, yaliyofifia, yanayozaliana bila mpaka.

Tunapozungumzia kupotea kwa furu, kidole huelekezwa kwa sangara, na ni haki kuelekezwa huko. Alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, akalipuka kwa wingi miaka ya 1980, na spishi zinazokadiriwa kufika 200 zikatoweka au zikabaki kidogo mno. Aliwapa watu wengi riziki pia, sitalificha hilo. Lakini sangara hula samaki mmoja mmoja, na baadhi ya furu wameweza kujitetea: Haplochromis pyrrhocephalus, aliyeanza kurudi miaka ya 1990, amerudi na matamvua makubwa zaidi yanayomudu maji yenye hewa kidogo, badiliko lililotokea ndani ya takriban miaka 20. Maji machafu yanafanya kazi nyingine. Kazi hiyo haihitaji kumwua samaki yeyote wala kuacha mzoga ufukweni, na mvuvi ataendelea kuvua furu kama kawaida. Spishi mbili zinayeyuka kuwa moja, nyavu zikiwa zimejaa.

Tope na mbolea vinatoka nchi kavu: mashamba yaliyolimwa hadi majini, miti iliyokatwa kwenye mito, maji taka ya miji yetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa shughuli za kudumu na zile zinazoharibu mazingira. Wewe unayelima, kujenga au kuongoza kijiji kando ya Victoria, zipime mita hizo kwa hatua zako na uache nyasi na matete yasimame. Makobe bado kuna furu wawili.