Kadi ya Uanachama Inanunua Nini?

Sukari ikipanda kwa Mangi, unavuka barabara unanunua duka la pili. Shabiki wa Liverpool hana duka la pili. Kiingilio kikipanda hawezi kuhamia Everton kwa sababu ya unafuu. Atalalamika, atakopa, atapunguza idadi ya mechi, lakini timu ni ile ile mpaka anazikwa. Wanaopanga bei klabuni wanalijua hilo, na shida yote inaanzia hapo.

Novemba 2024, msimu ukiwa umeshaanza, Manchester United walitangaza kwamba tiketi zilizobaki za mechi za nyumbani, zile wanazouziwa wanachama, zitakuwa pauni 66 kila moja. Kabla ya hapo mtu mzima aliweza kuingia kwa pauni 40 na mtoto kwa 25. Punguzo la watoto na wazee likafutwa. Piga hesabu ya mzazi mwenye watoto wawili: alikuwa akilipa pauni 90, ghafla akatakiwa 198, na hapo nauli ya treni hajaigusa. Na wote watatu walikuwa na kadi za uanachama walizozilipia msimu ulipoanza.

Kadi yenyewe inahitaji kuelezwa, maana wengi huku kwetu wanaidhania ni kama ya Simba au Yanga. Katika klabu kubwa za Uingereza, mwanachama hamchagui mwenyekiti, haingii mkutano mkuu, hana hisa. Analipa ada ya mwaka ili aruhusiwe kuomba tiketi. Arsenal, kwa mfano, tangu msimu wa 2023/24 wanaendesha droo: unaweka jina, unasubiri, ukibahatika ndipo unalipia kiti. Usipobahatika ada hairudi. Kwa klabu ni mpango mzuri ajabu, kwa sababu kadi zinaweza kuuzwa nyingi kuliko viti, na kila anayekosa tiketi ameshalipa tayari.

Utetezi wa kupandisha bei unaorudiwa kila mara ni kwamba soka limekuwa ghali, wachezaji wanalipwa sana. Siukubali. Mkataba wa Ligi Kuu ya England wa kuonyesha mechi ndani ya Uingereza peke yake, wa 2025 hadi 2029, ni pauni bilioni 6.7. Ukilinganisha na fedha hizo, kinachopatikana kwa kumwongezea mzee wa miaka 70 pauni ishirini na kitu getini hakimsajili hata beki wa akiba. Uzito wa nyongeza hiyo anausikia mzee.

Mashabiki wa Liverpool walizipinga nyongeza za namna hii kwa vitendo. Februari 2016, wamiliki wa klabu, Fenway Sports Group, walitangaza kwamba tiketi ya juu kabisa msimu unaofuata itafika pauni 77. Tarehe 6 mwezi huo timu ilikuwa nyumbani Anfield dhidi ya Sunderland, inaongoza 2-0. Dakika ya 77 maelfu waliinuka vitini na kutoka nje. Sunderland wakarudisha mabao yote mawili na mechi ikaisha 2-2. Siku nne baadaye wamiliki waliomba radhi, wakairudisha bei ya juu kwenye pauni 59 na kuifungia hapo kwa misimu miwili. Mwezi uliofuata klabu za Ligi Kuu zikakubaliana kwamba shabiki wa timu ngeni asitozwe zaidi ya pauni 30. Miaka mingi ya barua na vikao haikuwa imewapatia hayo.

Wapo wanaosema bei zilipanda kwa sababu viwanja viliwekwa viti badala ya majukwaa ya kusimama baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough ya 1989, yaliyoua watu 97. Jaji Taylor, aliyechunguza maafa yale, aliandika kinyume chake mwaka 1990: alitaka viti vya bei ya chini vilingane na mfuko wa aliyezoea kusimama, na akatoa mfano wa uwanja wa Ibrox, Glasgow, ambako kukaa kulikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4. Klabu zilichukua viti, zikaliacha lile la bei.

Ujerumani walikwenda njia nyingine. Kanuni yao ya 50+1 inataka kura nyingi zibaki kwa chama cha wanachama, ukiacha klabu chache kama Bayer Leverkusen na Wolfsburg. Wanachama wa Bayern Munich, kupitia chama chao, wanamiliki asilimia 75 ya kampuni inayoendesha timu na ndio wanaomchagua rais. Tiketi ya kusimama ya msimu mzima wa ligi pale imeendelea kuwa chini ya euro 200. Bayern wangeweza kutoza mara tatu na uwanja ukajaa. Hawafanyi hivyo kwa sababu anayepandisha bei leo atakutana na anaowatoza kwenye mkutano mkuu.

Kura peke yake haitoshi, hata hivyo. Barcelona ni mali ya wanachama, lakini Aprili 2022 walipocheza na Eintracht Frankfurt, wenye tiketi za msimu waliuza nafasi zao hadi Wajerumani wapatao 30,000 wakaingia uwanjani Camp Nou. Frankfurt walishinda 3-2 na kuwatoa mashindanoni.

Sisi Tanzania tumo kwenye hadithi hii moja kwa moja. Simba na Yanga zilipoingia kwenye mabadiliko ya uendeshaji, msingi ulikuwa wanachama asilimia 51, wawekezaji 49. Kwenye karatasi, mwenye kadi wa tawi la Tandika ana nguvu ambayo shabiki wa Manchester United hajawahi kuiona. Ila mikutano mikuu yetu humezwa na uchaguzi, mwekezaji na usajili, na kiingilio cha mzunguko, yale majukwaa ya bei ya chini, tunakisoma kwenye tangazo siku chache kabla ya mechi, kama habari ya hali ya hewa. Matawi yanaweza kulipeleka hili kama ajenda: kiingilio cha mzunguko kitangazwe kabla ya msimu na kisiguswe mpaka uishe, mwanachama hai auziwe tiketi ya dabi kabla ya walanguzi, na mtoto alipe nusu.