Heathcliff Alilipiza Nini?

Heathcliff, mhusika mkuu wa riwaya ya Emily Brontë, Wuthering Heights (1847), huelezwa mara nyingi kuwa ni mpenzi aliyeachwa akageuka katili. Catherine Earnshaw anakubali kuolewa na Edgar Linton, Heathcliff anatoweka kwa miaka mitatu, anarudi tajiri, na tangu hapo familia mbili zinateketea. Maelezo hayo yanavutia, lakini mfuatano wa matukio unayakataa.

Kisasi kilitangulia posa ya Edgar. Heathcliff ni mtoto aliyeokotwa Liverpool na baba yake Catherine. Mzee anapofariki, mwanawe Hindley anamtoa yatima huyo masomoni, anamgeuza kibarua wa shamba na kumpiga. Jioni ya Krismasi, baada ya kuchapwa na kufungiwa, kijana anamwambia mtumishi Nelly kuwa anatafakari namna ya kumlipa Hindley, hata akingoja muda gani. Deni analolidai usiku ule ni la heshima yake iliyovunjwa.

Hata mbinu zake ni za mtu anayetaka cheo na ardhi. Anamnasa Hindley kwa kamari na rehani mpaka nyumba ya Wuthering Heights inakuwa yake. Anamwoa Isabella, dada yake Edgar, bila kumpenda. Baadaye anamlazimisha Cathy, binti wa Catherine, aolewe na mwanawe Linton, kijana mgonjwa asiye na siku nyingi. Sheria ya Uingereza wakati huo ilimpa mume mali ya mkewe inayohamishika, na mwaka 1926 mwanasheria C. P. Sanger alionyesha jinsi Brontë alivyoifahamu vizuri sheria ya mirathi.

Ushahidi mzito kuliko wote ni Hareton, mtoto wa Hindley. Hajamkosea Heathcliff lolote, ila anakuzwa bila kusoma, kibarua katika nyumba ya baba yake, vilevile Heathcliff alivyofanywa. Na bado, Hareton alipoponyoka mikononi mwa baba yake mlevi kutoka juu ya ngazi, Heathcliff ndiye aliyemdaka, bila kuwaza. Nelly aliyaona majuto usoni mwake mara alipotambua amemwokoa mtoto wa nani.

Mapenzi yana nafasi yake, tena kubwa: ndiyo yanayokizima kisasi. Cathy, sasa mjane, anapoanza kumfundisha Hareton kusoma, Heathcliff anayaona macho ya Catherine kwa wote wawili, na hamu ya kuwaangamiza inamtoka. Anakufa kabla ya kuandika wosia, na mali inawarudia vijana hao.