Shilingi 7,100 kwa kila kichwa: Hesabu ya ugatuzi Kajiado

Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, kaunti 47 za Kenya zilitengewa shilingi bilioni 370 kutoka mapato ya taifa. Kajiado ilipata takriban bilioni 7.95. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,117,840 katika kaunti hiyo. Gawanya, na kila mmoja wao, awe anaishi kwenye msongamano wa Kitengela au Kimuka, ng'ambo ya vilima vya Ngong, anaangukiwa na shilingi 7,100 hivi kwa mwaka. Wastani wa nchi nzima ulikuwa karibu 7,800.

Labda ukubwa wa ardhi unafidia? La. Kajiado ina karibu kilomita 21,900 za mraba, na kila kilomita ilipata kama shilingi 363,000. Wastani wa Kenya ni takriban 638,000. Kaunti hii inapunjika ukihesabu watu, na inapunjika ukihesabu ardhi.

Sababu iko kwenye fomula ya mgao ambayo Seneti iliipitisha Septemba 2020, baada ya wiki nyingi za mvutano. Idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 18 tu, na ukubwa wa ardhi asilimia 8. Asilimia 20 iligawanywa sawa kwa sawa kwa kaunti zote, kubwa na ndogo. Ndiyo maana Lamu, yenye watu 143,920, ilipata kama bilioni 3.1, yaani zaidi ya shilingi 21,000 kwa kila mkazi. Umaskini ulikuwa na asilimia 14, kigezo ambacho hakiifai sana kaunti inayopakana na Nairobi.

Isitoshe, fomula hiyo haikugusa pesa zote. Nusu ya mgao wa 2019/20, uliokuwa bilioni 316.5, iliendelea kugawanywa kwa uwiano wa zamani, uliotegemea sensa ya 2009. Wakati huo Kajiado ilikuwa na watu 687,312. Kufikia 2019 walikuwa wameongezeka kwa asilimia 63, ilhali Kenya nzima iliongezeka kwa asilimia 23. Waliohamia Kitengela na Ngong katika miaka hiyo kumi hawakuonekana kabisa katika nusu hiyo.

Kwa nini kaunti isitoze kodi zake ikajitosheleza? Kwa sababu Kenya si shirikisho. Majimbo ya katiba ya uhuru ya 1963 hayakudumu, na Katiba ya 2010 ilileta ugatuzi. Katika shirikisho kama Marekani, majimbo mengi hutoza kodi ya mapato. Kaunti ya Kenya haiwezi: kodi ya mapato, VAT na ushuru wa forodha ni vya serikali ya taifa pekee. Kaunti imeachiwa ada za ardhi, kodi ya burudani, leseni za biashara, maegesho na ada za huduma. Kwa hiyo ploti za Kitengela zina uzito mkubwa katika hazina ya Kajiado, kwani ndiko kuna mali ya kutozwa.

Katiba inataka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini kipimo ni hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Mgao wa 2023/24, bilioni 385.4, ulitajwa kuwa asilimia 24.5 kwa sababu ulilinganishwa na mapato ya 2020/21, takriban trilioni 1.57. Ukiulinganisha na trilioni 2.4 hivi ambazo Mamlaka ya Mapato (KRA) ilikusanya mwaka huohuo wa 2023/24, unashuka hadi kama asilimia 16. Bunge likichelewa kuidhinisha hesabu, asilimia inanenepa bila shilingi kuongezeka.

Sasa zishushe pesa hizo hadi mashinani. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Asilimia 30 ya bilioni 7.95 ni bilioni 2.4 hivi. Zigawe sawa kwa wadi 25 za Kajiado, na kila wadi inabaki na kama milioni 95. Barabara ya lami hugharimu makumi ya mamilioni kwa kilomita, hivyo kilomita chache tu zingemeza fungu lote, kabla ya kisima, zahanati na chekechea kupata kitu.

Mkazi wa Kimuka, basi, anahitaji kujua mlango wa kubisha. Zahanati, maji, chekechea na barabara za vijijini ni za gavana na mwakilishi wadi. Walimu wa shule ya msingi, polisi na chifu ni wa serikali ya taifa. Ile 7,100 yenyewe ni ya seneta. Fomula iliyopitishwa 2025 imepandisha uzito wa watu hadi asilimia 45, lakini katika mgao wa 2025/26 wa bilioni 415, bilioni 387.4 za kwanza zinafuata mgao wa mwaka uliotangulia. Uzito huo mpya unagusa bilioni 23 tu kati ya zilizosalia. Seneta aulizwe ni lini utagusa pesa nyingine.