Hadithi Ndani ya Mawe

Kila kitu unachokigusa, maji, jembe, jani la kakao, hata mkono wako mwenyewe, kimefanyizwa kwa elementi. Leo zajulikana 118. Mwaka 1869 Mrusi mmoja, Dmitri Mendeleev, alizipanga zile zilizojulikana wakati ule katika jedwali, akifuata uzito wao, na zenye tabia moja akaziweka pamoja kama ndugu. Penye pengo aliacha nafasi wazi, akasema elementi ya kuijaza itapatikana. Kweli, mwaka 1875 ikapatikana galiamu.

Wengi hudhani jedwali hili ni la wataalamu tu. Lakini limejaa hadithi.

Tazameni koltani, lile jiwe jeusi linalochimbwa katika Kivu yetu. Ndani yake mna elementi mbili. Ya kwanza ni tantalamu, aliyoipata Mswidi Ekeberg mwaka 1802. Alitia unga wake katika asidi kali, lakini unga haukunywa asidi hata kidogo. Ndipo alipokumbuka hadithi ya Wayunani wa kale. Mfalme Tantalus aliadhibiwa kusimama katika maji mpaka kidevuni. Kila alipoinama anywe, maji yalishuka yakamkimbia. Basi Ekeberg akaipa elementi hiyo jina la mfalme yule mwenye kiu. Mwaka 1844 Mjerumani Heinrich Rose aliiita ya pili niobiamu, kwa jina la Niobe, binti Tantalus. Katika jedwali binti ana namba 41, na chini yake kabisa yuko baba, namba 73. Hata katika jiwe hawaachani!

Mwitalia Primo Levi alikuwa mtaalamu wa kemia, akifanya kazi katika kiwanda cha rangi. Mwaka 1975 alitoa kitabu chenye sura 21, kila sura ina jina la elementi moja. Katika sura ya mwisho aifuata chembe moja ya kaboni: yatoka katika jiwe la chokaa, yapaa hewani, yaingia katika jani la mzabibu, na baada ya safari ndefu yafika kichwani mwa mwandishi mwenyewe.

Hakuna elementi yenye jina la Kongo. Lakini dhahabu, namba 79, huchimbwa karibu na Mangina, na hadithi yake ni nani ataiandika? Mchimbaji asimama mtoni, maji mpaka magotini, achekecha mchanga tangu asubuhi, na siku nyingine jua lachwa asione hata punje moja.