Chikanda hakilimwi kama viazi: soma kabla hujatoa hela yako



Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Makete alinifuata ofisini. Baada ya shikamoo akaenda moja kwa moja kwenye shida yake. Amekodi ekari moja, na kuna mtu anataka kumuuzia debe la "mbegu ya chikanda". "Bwana shamba, Wazambia wananunua kila mwaka. Mimi sitachimba porini, nitalima. Kosa liko wapi?"

Swali zuri, na najua hayuko peke yake.

Kwanza tuelewane. Chikanda ni kiazi cha okidi, yale maua ya porini yanayopendeza kwenye nyasi za milimani kwetu kuanzia Novemba mpaka Aprili. Zambia hukitwanga, wakakipika na unga wa karanga na magadi, kikatoka chakula kigumu kinachokatwa vipande kama soseji. Soko lipo kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi hadi milioni 4 hivi kwa mwaka vilikuwa vinatoka Nyanda za Juu Kusini kwenda huko.

Sasa twende shambani. Ukipanda kiazi mviringo kimoja, unavuna vingi. Okidi hizi haziko hivyo. Ukiifukua utakuta viazi viwili: kimoja laini, kimekunjamana, na kingine kigumu. Kile laini ndicho kilichotoa ua la mwaka huu. Kile kigumu ni cha mwakani. Mchimbaji anachukua kipi? Kigumu. Yaani umepanda kimoja, umepata kimoja, na hicho kimoja ndicho unachouza. Hiyo si biashara ya kilimo, ni kula mbegu.

"Basi nitapanda mbegu zake za kwenye ua," akaniambia. Mdogo wangu, mbegu ya okidi ni kama vumbi. Haina akiba ya chakula ndani kama punje ya mahindi. Ili iote porini lazima ikutane na aina fulani ya kuvu iliyomo kwenye udongo, ndiyo iilishe. Halafu inahitaji miaka kadhaa mpaka itoe ua. Na wewe ekari yako umeshailima, umetia mbolea ya dukani, umepiga dawa ya ukungu msimu mzima kuokoa viazi. Hiyo kuvu utaipata wapi? Maabara wanaweza kuotesha mbegu hizo kwenye chupa, lakini hiyo si kazi ya jembe.

Kwa hiyo lile debe la "mbegu" limetoka wapi? Limechimbwa porini, hakuna kwingine. Ukilinunua, umemlipa aliyechimba.

Kuna na sheria. Hifadhi ya Taifa Kitulo ilianzishwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea. Ina aina 45 hivi za okidi za ardhini, na ndiyo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Kuchimba mle ni kosa. Na okidi zote zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo kuzivusha mpaka bila kibali ni kosa pia. Ukikamatwa, mtaji wote umekwenda.

Nilichomshauri ndicho ninachowashauri ninyi:

1. Usinunue "mbegu ya chikanda" kwa mtu yeyote.
2. Ekari hiyo weka viazi vya mbegu bora, pareto au matufaa. Hayo tunayajua, na soko lake halina kujificha.
3. Kama shamba lako lina kipande cha nyasi ambacho hakijawahi kulimwa, hasa mtelemkoni, kiache. Kinashika udongo na maji, nyuki wanapata chakula, na okidi zilizobaki zinapata pa kuishi. Ukishakilima, hazirudi kirahisi.

Kijana alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo bwana shamba, hela ya kodi ya ekari imepotea?" Hapana. Ekari ipo. Jumamosi tunakwenda kupima udongo, na debe limebaki kwa mwenyewe.