Porta Nigra: Lango na Jina Lake

Katika mji wa Trier, magharibi mwa Ujerumani, limesimama lango kubwa la Waroma liitwalo Porta Nigra. Kwa Kilatini, «porta» ni lango, na «nigra» ni kivumishi chenye maana ya «-eusi», kilichopatanishwa na jinsia ya nomino yake, kama Kiswahili kinavyosema «lango jeusi» kwa kufuata ngeli. Jina hilo, hata hivyo, halikutolewa na wajenzi. Mawe-mchanga ya lango hili yalikuwa ya rangi hafifu. Weusi uliletwa na miaka, na jina lilizuka katika Enzi za Kati.

Ujenzi ulianza zamani za Kaisari Marcus Aurelius, wakati mji ulipoitwa Augusta Treverorum. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba mbao za mwaloni zilizofukuliwa hapo zilitokana na miti iliyokatwa katika majira ya baridi ya miaka 169-170. Mawe yalipangwa bila chokaa, yakashikamanishwa kwa vyuma vilivyokazwa kwa risasi. Kazi yenyewe haikukamilika: mawe mengi yalibaki bila kulainishwa.

Baada ya utawala wa Roma kuanguka, malango mengine ya mji yalibomolewa, na mawe yake yakajengewa majumba mapya. Hata hapa watu waling'oa vyuma. Mashimo waliyoyachimba yaonekana hadi leo. Kwa nini basi lango hili lilisalimika? Jibu ni mtu mmoja. Baada ya mwaka 1028, Simeon, mtawa mzaliwa wa Siracusa, alijifungia ndani yake ili kusali. Alipofariki mwaka 1035, Askofu Mkuu Poppo aliligeuza lango kuwa kanisa kwa heshima yake. Jengo takatifu halikuguswa tena na waokota mawe.

Mwaka 1802, chini ya utawala wa Wafaransa, kanisa lilifungwa. Mwaka 1804 Napoléon aliamuru sehemu zilizoongezwa zibomolewe ili sura ya Kiroma irudi. Hivyo kanisa lililoliokoa lango likaondolewa kwa ajili ya lango hilohilo. Sehemu yake ndogo tu, ya karne ya 12, ingali upande wa mashariki.

Tangu 1986 Porta Nigra imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Anayeitazama kama kazi ya Waroma peke yao anasoma nusu ya historia yake: Waroma waliijenga, lakini waumini ndio walioihifadhi, na hata jina lake si la Waroma.