Adabu ya Kuuliza miongoni mwa Watunga Programu

Katika kila jamii kuuliza ni tendo la lugha lenye kanuni zake. Miongoni mwa watunga programu za kompyuta kanuni hizo zimeandikwa waziwazi, na kwa hiyo zafaa kuchunguzwa na wanaisimu. Mfano ulio bayana ni Stack Overflow, jumuiya ya intaneti iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky. Humo maswali na majibu hupigiwa kura na wasomaji. Swali lisiloeleweka, au lililokwisha kuulizwa, hufungwa.

Mathalani, mgeni aweza kuandika hivi: “Hamjambo nyote? Mimi bado najifunza. Programu yangu haifanyi kazi. Nisaidieni tafadhali. Ahsanteni.” Kwa Waswahili hayo ni maneno ya mtu mwenye adabu. Katika jumuiya hiyo, salamu na shukrani hufutwa, na sentensi ya maana inayobaki haijibiki. Muulizaji hutakiwa aonyeshe maagizo machache yanayotosha kuleta kosa lile lile katika kompyuta ya mtu mwingine, aeleze alitazamia nini na alipata nini, tena anakili taarifa ya kosa neno kwa neno.

Sababu yake ni kwamba swali hilo si barua kwa mtu mmoja. Ni kumbukumbu itakayosomwa na wengi watakaopatwa na tatizo lilo hilo miaka mingi baadaye. Kwa hivyo lakaribia zaidi kidahizo cha kamusi kuliko mazungumzo. Hata hivyo, mwaka 2018 wenye jumuiya hiyo walikiri hadharani kwamba watu wengi, hasa wageni, hawakujiona wamekaribishwa.

Jambo hili lahusu Kiswahili pia. Jumuiya hiyo ilianzisha matawi ya Kireno, Kirusi, Kijapani na Kihispania. La Kiswahili halikuanzishwa. Mtunga programu wa Mombasa au Dodoma huuliza humo kwa Kiingereza, na hulazimika kuiacha lugha yake pamoja na adabu aliyolelewa nayo. Juhudi za kukuza Kiswahili cha sayansi zimeelekea sana kwenye istilahi. Istilahi ni za lazima, lakini hazitoshi: mtu aweza kuwa na jina la kila kitu asijue kuliandika swali likajibika. Utanzu huo ukikuzwa katika Kiswahili, si lazima salamu itupwe. Yatosha iwe fupi, kisha ushahidi wa tatizo uifuate.